Mwaka Nilipomlisha Tai

Tulimzika Mama Wawira Ijumaa moja ya jua kali, na tangu nirudi kutoka huko nina hasira ambayo sijui niipeleke wapi. Wasifu wake ulisomwa na mpwa wake, kijana mwenye sauti nzuri, na hakuacha kitu: alibatizwa wapi, aliolewa na nani, aliimba sauti ya pili kwenye kwaya, alianzisha kikundi cha mbuzi wa maziwa pamoja na majirani, akachuma majani chai mpaka magoti yakakataa. Yote ni kweli. Lakini tai hakutajwa, jamani, hata kwa bahati mbaya! Mwanamke aliyekaa juu ya dungu la mahindi msimu baada ya msimu akimsoma ndege yule, akijua saa anayowinda na tawi analopenda kukalia, akazikwa kana kwamba kazi yake yote duniani ilikuwa kujaza kikapu. Nilikaa chini ya hema na sahani ya wali magotini, nikitikisa kichwa, watu wakidhani ninalia. Nilikuwa ninalia, ndiyo, lakini pia nilikuwa ninagomba kimoyomoyo. Nikasema, basi, kama hamsemi nitasema mimi, maana mwaka ule nilikuwepo, na mtu aliyeharibu mambo nilikuwa mimi.

Kwetu ni Kaaga, na kuhusu kwetu hilo linatosha. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, nimemaliza kidato cha nne, ninasubiri chuo, nikapata kazi ya kufundisha darasa la tatu kwenye shule moja kule juu ya Karurumo. Unapanda, unapanda, mpaka mashamba ya mahindi yanaishia kwenye chai na chai inaishia kwenye msitu. Walioniajiri ni wazazi wa shule, nao wakanitafutia pa kulala kwa Mama Wawira na mumewe. Wawira, binti yao mkubwa, alikuwa ameolewa Gachoka, kwa hiyo nikapewa chumba chake. Kilikuwa cha mbao zile za pembeni ambazo fundi huzitupa, bado zina maganda kwa nje, na kwa ndani zimebandikwa magazeti ya zamani, hata nikalala miezi kumi na miwili nikisoma habari za mechi zilizochezwa kabla sijazaliwa. Nyuma ya ukuta huo kulikuwa na jiko la mafiga matatu. Moshi ulipita kwenye nyufa, harufu ya nduma zinazochemka ikapita, na maneno yakapita. Wenyeji wangu waliongea Kiembu, nami Mmeru nilikuwa ninadaka zaidi ya nusu. Na wiki ya kwanza nilichodaka kilinitisha.

"Yule mama ameketi tu tangu asubuhi," Mama Wawira alikuwa akimwambia mumewe. "Hajaleta kitu."

"Na baba yao?"

"Alipita na mguu wa kima, akamwachia mtoto, akaenda zake."

Nikakaa kitandani macho yamenitoka. Nimeletwa kwa watu gani hawa, wenye majirani wanaokula kima? Asubuhi, tulipokuwa tunakunywa chai, nikajikaza nikamwuliza Mama Wawira kwa Kiswahili, lugha tuliyokutana nayo katikati. Alicheka mpaka akashika mlango. "Haki wewe Mwalimu! Hao ni majirani, ndio, lakini ni wa huko juu kwa miti. Jumamosi kuja na mimi kwa shamba, nikuonyeshe."

Dungu lake lilikuwa jukwaa la nguzo nne, limeezekwa majani ya migomba, pembeni kabisa ya shamba ambapo mahindi yanatazamana na msitu. Pale ndipo alipokaa kila mahindi yalipokaribia kukomaa, kopo na fimbo mkononi, akiwazuia kima. Kima wale wana akili ya kukera. Hawali hindi wakalimaliza. Wanalivunja, wanaling'ata mara moja, wanalitupa, wanachukua jingine, na ukiwapigia kelele wanakuangalia kwanza wakupime kama una mbio. Siku hiyo walikuwa wamejaa kwenye miti ya mbele, wanalia na kurukaruka. Ghafla wakanyamaza wote. Mama Wawira akanishika mkono. "Angalia kwa ile mti kubwa, ile mukui. Tawi ya tatu kutoka chini."

"Sioni ndege."

"Unatafuta ndege, ndio maana huoni. Tafuta kifua."

Nikatafuta kifua, nikakiona, na mwili ukanisisimka. Michirizi myeusi, myeupe na ya rangi ya kutu, ilivyochanganyika na vivuli vya majani, ungeapa hakuna kitu pale. Juu ya kifua kulikuwa na kichwa chenye kishungi kilichosimama, na chini miguu minene iliyovaa manyoya mpaka vidoleni kama suruali. Huyo alikuwa mama. Jike ndiye mkubwa, Mama Wawira alinieleza. Dume ni mdogo kidogo, na kazi yake ya kujionyesha ni kupanda juu kabisa ya msitu, akipanda na kushuka hewani huku anapiga mluzi mrefu, mpaka unasikika kwenye makanisa ya ng'ambo ya mto. Lakini akiwinda, hakuna mluzi. Tulikaa kutoka asubuhi mpaka chupa ya chai ikaisha, na yule mama hakusogeza hata unyoya. Mimi nilishajikuna, nilishasimama, nilishauliza saa mara nne. Halafu akaanguka. Sina neno jingine: hakupiga mabawa, alijiachilia tu kutoka kwenye tawi, akapotea kati ya majani, na tukasikia kishindo kimoja na kelele za kima zikitawanyika msituni. Alipopanda tena alikuwa na mzigo wa karibu uzito wake, anaupandisha kwa mabawa yale mafupi mapana, wima, kati ya matawi, bila kugusa hata moja. Nikajikuta nimepiga makofi kama niko uwanjani. Mama Wawira akanipiga kofi la bega. "Shh! Unashangilia askari wangu, umwogopeshe?"

Tangu Jumamosi hiyo nikawa mgonjwa wa tai. Mwanangu siku hizi huniletea kwenye simu video za ndege wa nchi za watu, wanavua samaki, wanabeba mbweha, naye hushangaa nisiposhangaa. Sishangai kwa sababu nilishaona. Niliona tundu lao kwenye panda ya mukui, rundo la fito lililokuwa pana kuliko kitanda changu, ambalo wameliongeza miaka na miaka. Niliona wanavyolitandika matawi mabichi yenye majani, wanabadilisha yakikauka, na Mama Wawira akisema kuna wanawake anawajua ambao hawabadilishi shuka hivyo. Niliona mnyama mkubwa akikatwa vipande na kutundikwa kwenye matawi mbalimbali, leo wanakula huku, keshokutwa wanarudi kwa kile kingine, hawasahau hata kimoja. Na nilimwona mtoto wao, aliyekuwa ametoka tunduni mwezi ule ule nilioingia mimi, mweupe kifuani na kichwani kama mtu wa ukoo mwingine kabisa. Mayai huwa mawili, Mama Wawira aliniambia, lakini mtoto anayetangulia humwua mwenzake. Nilipokunja uso akanikazia macho. "Sasa wewe ungetaka aje? Chakula ni ya mmoja. Wanazaa leo, mwaka kesho hawazai, wanalea huyo mmoja tu, hata akishajua kuruka bado wanamletea. Umewahi ona kuku ikilea mtoto mwaka mzima?" Sikuwa nimewahi. Nikampa yule mtoto jina la Karimi, jina letu la Meru la msichana mwenye bidii ya shamba, na Mama Wawira akacheka kwa dharau. "Bidii gani? Hiyo inangoja kuletewa tu."

Hapo ndipo kosa langu lilipoanza. Kufikia Juni wazazi walikuwa wamepunguza kuleta chakula. Siku tatu, siku nne, Karimi yuko kwenye tawi analia, kwii, kwii, kwii, tangu ukungu wa asubuhi mpaka tunapokula cha jioni. Nilikuwa ninasahihisha madaftari na sauti ile inaingia kama inanitaja kwa jina. Lazima mnielewe nilivyolelewa. Kwetu mtoto akilia njaa karibu na boma lako, huulizi ni wa nani; unamwita, unampa, na usipompa aibu ni yako wewe mwenye boma. Sikuwahi kuambiwa kwamba sheria hiyo ina mpaka. Kwa hiyo Jumamosi nikashuka Karurumo, nikaomba mapafu kwa mwenye bucha nikamwambia ni ya mbwa, nikaja nikayaweka juu ya kisiki mwisho wa shamba. Karimi aliyaangalia siku nzima. Siku ya pili akashuka, akayanyakua. Furaha niliyosikia, Mungu anisamehe, ilizidi ya siku niliyopata matokeo ya mtihani! Nikaendelea. Baba Wawira alikuwa akitega fuko waliokuwa wanamaliza viazi vyake, akawatupa shimoni. Mimi nikawa ninawaokota kabla ya shule na kuwapeleka kisikini. Kufikia katikati ya Julai, Karimi alikuwa akiniona nikitokea na kanga yangu ya bluu anakuja mwenyewe, anatua hatua kumi kutoka nilipo. Ningeweza kuhesabu kucha zake. Ule wa nyuma ulikuwa mrefu kama kidole changu cha kati. Nilijiona mtu wa ajabu, mtu aliyechaguliwa. Mama Wawira wakati huo alikuwa kwenye chai kutwa, na mimi sikumwambia, na mtu akificha jambo jema ajiulize kama kweli ni jema.

Kile kikundi cha mbuzi kilikuwa na utaratibu wake. Anayepata mbuzi wa maziwa humtoa mtoto jike wa kwanza kwa anayemfuata kwenye foleni, na huyo naye hivyo hivyo, mpaka kila boma lipate. Aliyekuwa na mbuzi mwaka ule ni Ireri, jirani wa chini, mzee wa kanisa, mtu wa viatu vya gambuti na maneno machache. Aliyefuata ni Mama Wawira. Alikuwa amengoja miaka miwili. Mbuzi wa Ireri akazaa jike, na Mama Wawira akajenga banda, akalipandisha juu ya nguzo vizuri, na kila jioni alishuka kwa Ireri na majani ya viazi vitamu kumwamkia mbuzi wake. Zilibaki wiki mbili aachishwe ziwa, aletwe kwetu juu. Mwishoni mwa Julai, saa sita mchana, Karimi akatua kwenye ua wa Ireri, akamchukua.

Niliposikia kelele niliteremka na wengine. Mama Wawira alikuwa ameshafika, amesimama na kamba mkononi, kamba iliyobaki. Ireri hakupaza sauti, na hiyo ndiyo iliyonitia hofu. "Hii ndege nimeiona hapa siku tatu," alisema. "Inakaa kwa ua, inaangalia watu kama kuku. Ndege ya msitu haikai hivyo. Kuna mtu anaipea nyama, na mimi nataka nimjue leo."

Watu wakaangaliana. Ningeweza kunyamaza. Nimewaambia wanafunzi wangu mara nyingi kwamba niliongea kwa sababu ya ukweli, na ninawadanganya. Niliongea kwa sababu nilikuwa nimechoka kuogopa, nikaona heri yaishe. "Ni mimi," nikasema. "Mimi ndiye ninayempa Karimi mapafu, pale kisikini."

"Karimi ni nani?" akauliza Ireri.

Kuna aliyecheka, akajizuia. Sijawahi kutamani ardhi inimeze kama siku ile. Mama Wawira hakuniangalia. Ireri akasema basi, mapafu ndege ameshayazoea, na yeye Ireri ana dawa ya wadudu nyumbani, atayachovya humo ayaweke kwenye kisiki hicho hicho kesho asubuhi. Hapo Mama Wawira akainua kichwa.

"Ireri, hiyo mbuzi ilikuwa ya nani?"

"Ilikuwa yako, lakini bado ilikuwa kwangu."

"Aliyepoteza ni nani?"

"Leo ni wewe. Kesho atakuja kwa nani? Na kama ni mtoto wa mtu ameketi hapa kwa nyasi?"

Hakuwa mtu mbaya, Ireri. Hata sasa siwezi kumlaumu kwa swali lile. Mama Wawira alilitafakari, akazungusha ile kamba mkononi. "Nipe mpaka shule zifunguliwe. Huyu msichana aliiharibu, huyu msichana ataitengeneza. Ikirudi kwa boma yako baada ya hiyo siku, weka dawa. Nyama nitakuletea mimi mwenyewe."

Tulirudi nyumbani. Jikoni aliniwekea nduma na chai kama siku zote, akanisogezea kipande kikubwa, na hicho kipande kikubwa kikanishinda kumeza. Nilitamani anitukane. Nikalia, nikamwomba msamaha wa mbuzi. "Mbuzi itazaliwa ingine," akasema. "Wewe ulifikiri ni njaa tu? Ile kilio mama yake alikuwa anasikia, hakuwa kiziwi. Alikuwa anangoja. Anamwacha akae na njaa kidogo, ile ya kumsukuma, halafu kabla haijazidi anamletea. Wewe ukaingia hapo katikati." Kisha akanieleza kazi yangu. Nisingeenda Kaaga likizo ya Agosti. Ningekaa kwenye dungu kutoka asubuhi mpaka jioni, na kila Karimi atakapokuja kisikini au kuelekea maboma, nimfukuze. Kwa kelele, kwa kopo, kwa mabonge ya udongo. "Na umpige. Akuogope mpaka akichukie hicho kitambaa chako cha bluu."

Siku ya kwanza alikuja hatua kumi, kama kawaida, akageuza kichwa kuangalia mikono yangu. Nikamrushia bonge likampata begani. Hakuruka. Alirudi nyuma kidogo na kuanza kunililia, kwii, kwii, ile sauti ya kumlilia mama. Nikamrushia la pili huku machozi yananizuia kulenga. Agosti kule juu ni baridi na manyunyu, ukungu unashuka mpaka kwenye chai, na mimi niko juu ya dungu na sweta mbili, ninampiga kitu nilichokipenda kuliko chochote mwaka ule. Wiki ya pili alikuwa amekonda, ungemwona kwa jinsi mabawa yalivyolegea. Mama yake alikuja mara moja tu na kipande. Nikashindwa. Asubuhi moja nikaokota fuko, nikamficha mfukoni mwa sweta. Mama Wawira alikuwa ameketi nami siku hiyo akivunja maharagwe. Alinusa, akanyoosha mkono, akatia mfukoni mwangu, akamtoa fuko kwa mkia na kwenda naye mpaka chooni. Aliporudi aliketi, akaendelea na maharagwe. "Ukimpa leo," akasema, "Ireri atamzika shule zikifunguliwa."

Siku hizi mimi ni mwalimu mkuu, na wazazi huja ofisini wakitaka niwapunguzie watoto wao hiki na kile. Sikatai wala sikubali haraka. Ninakumbuka kwamba mama tai hakumtupa mtoto wake, kama nilivyomhukumu. Kila siku ya Agosti ile alikuwa kwenye mukui, tawi la tatu, kifua kwetu, anaangalia. Mvumilivu yule! Mimi nilikuwa ninafanya kazi yake vibaya na yeye alikuwa anaifanya vizuri bila kuinuka.

Zilibaki siku nne shule zifunguliwe. Alhamisi, Mama Wawira alibaki nyumbani kupika, nikawa peke yangu, na kitu cha kwanza nilichotambua ni kwamba hakuna kilio. Nikadhani amekufa. Nikamtafuta kisikini, nikamtafuta kwenye ua wa Ireri. Halafu nikakumbuka nilivyofundishwa, nikaacha kutafuta ndege. Kifua cheupe kilikuwa kwenye mti mmoja wa muringa juu ya mahindi ya Ireri, yanayopakana na yetu, kimetulia. Kima waliingia mahindini, mmoja, wawili, familia nzima, wakavunja, wakang'ata, wakatupa. Asubuhi ikaisha, mchana ukaingia. Mimi, ambaye Februari sikuweza kukaa bila kujikuna, sikujikuna. Akaanguka. Alianguka vibaya kidogo, bawa likagonga mabua, nikasema amekosa, lakini mahindi yalitikisika, kima wakapiga mayowe na kutawanyika, na yeye akabaki katikati, mabawa ameyatandaza juu ya kitu, kishungi kimesimama. Akaniona. Nilikuwa na bonge mkononi na kanga yangu ya bluu. Aliniangalia kama anavyoangalia nguzo ya dungu, akainamisha kichwa, akaanza kula.

Sijui nilishuka vipi. Nilikimbia katikati ya maharagwe nikipiga kelele, "Amekula! Mama Wawira, amekula mwenyewe!" Alikuwa ameinama kwenye sufuria. Aliweka mwiko chini, taratibu, akajifuta mikono kwa leso, akaifuta tena ingawa ilikuwa imeshakauka, na ndipo nilipoona kwamba mwezi mzima yeye alikuwa ameogopa kuliko mimi. Akatoka uani, akaweka mkono mdomoni, akapiga vigelegele, vile vya mtoto kuzaliwa, vikapanda mpaka msituni.

Watu wa kule juu wakisikia vile hawakai. Wanawake wawili wakaja kutoka kwenye chai na vikapu bado mgongoni. Ireri akapanda mbio na gambuti zake, anahema. "Nani amejifungua?"

"Mwalimu," akasema Mama Wawira.

Wote wakaangalia tumbo langu.

"Mwalimu? Lini?"

"Saa hii. Amepata msichana. Ameshika kima kubwa kwa shamba yako, Ireri, yuko huko anakula, enda umwone."

Ireri aliangalia juu, kule kwenye muringa, akaniangalia mimi, udongo mpaka viwikoni na kamasi usoni.  Kisha akavua kofia, kama mwanamume anavyofanya akiingia kwa mtu aliyezaa, akanipa mkono.

"Hongera, Mama Karimi," akasema. "Ile dawa nitapulizia nyanya."